Damu ya Kulwa

Kama damu yangu inaumwa, ya Kulwa je?

Swali hilo lilinikalia kifuani tangu mvua za vuli mpaka masika yalipokwisha. Liliniharibia usingizi kuliko homa na kuliko vidonda vya mdomo. Lilinisumbua hata kuliko lile swali jingine ambalo kila mgonjwa wa saratani analijua na hapendi kulitamka. Kulwa ni pacha wangu. Yeye alitangulia kutoka tumboni, mimi nikafuata, ndiyo maana naitwa Doto. Shule ya msingi mwalimu alimwagiza mmoja wetu afunge uzi mwekundu mkononi ili atutofautishe, nasi tukawa tunabadilishana uzi wakati wa mapumziko. Leo Kulwa akisoma hapa atasema wazo la uzi lilikuwa lake. Lilikuwa langu.

Naandika sasa ambapo mabaya zaidi yamepita. Namwandikia mtu aliye kwenye benchi refu la hospitali, ameshika faili mapajani, anaona aibu kumwuliza jirani yake choo kiko wapi. Ugonjwa wenyewe waulize madaktari. Mimi najua kusubiri, na najua kusubiri peke yako hata kama mama yako amekaa hapohapo pembeni.

Ugonjwa ulianza na kilima. Nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, kule juu ambako nyumba zimebanana na mawe, na kila jioni nilipanda bila kufikiri. Nilikuwa nimemaliza shahada ya takwimu, nina mkataba wa muda wa kuingiza takwimu za utafiti kwenye kompyuta. Maisha hayakuwa mabaya. Kisha nikaanza kupumzika njiani mara moja, halafu kila baada ya nyumba chache, halafu siku moja nikakaa juu ya jiwe la mtu na kushindwa kunyanyuka. Mama mwenye jiwe akaniletea maji, akaniangalia tumbo kwanza kabla ya uso. Alidhani nina mimba. Fizi zilikuwa zinatoa damu nikipiga mswaki, na miguuni nilikuwa na madoa ya rangi ya zambarau ambayo sikukumbuka nimejigonga wapi. Zahanati wakanitibu malaria. Nikarudi, wakanitibu taifodi. Mara ya tatu daktari kijana akanishika kope akaifunua, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

Kule walinitoa damu, kisha wakanilaza kifudifudi wakachukua uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mfupa, nyuma karibu na kiuno. Inauma. Watu wanaokwambia haiumi hawajafanyiwa. Inauma kwa namna ya kuvutwa, kama mtu anachota kitu ambacho hakikupaswa kuchotwa. Lakini ni kwa muda mfupi, na nesi aliyenishika bega alikuwa anasimulia jinsi mbuzi wake alivyokula sare ya mtoto, nikajikuta nataka kujua mwisho wa habari ya mbuzi. Vipimo vilipelekwa mbali. Mvua zikaanza, wale wadudu wa ziwani wakapanda angani kama moshi, wakaingia mpaka kwenye taa za wodi, majibu bado.

Daktari wangu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniita peke yangu. Alisema ni saratani ya damu, na kwamba dawa zinaanza wiki hiyohiyo. Mimi, badala ya kulia, nikaelekeza kidole kwenye karatasi ya majibu. "Hii CD34 chanya ni nini?"

"Ni alama," akasema. "Ni protini iliyo juu ya ganda la seli. Inatusaidia kujua seli imetoka wapi. Usihangaike nayo."

Nje kulikuwa na foleni, sikuthubutu kuuliza la pili. Na kumwambia mtu kama mimi asihangaike na kitu ni kumkabidhi kitu hicho alale nacho. Nikasoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nilichoelewa ni hiki: ndani ya mifupa ya kila mtu mzima zimo seli chache ambazo ni mama wa damu yote, nyekundu, nyeupe, zote zimezaliwa nazo. Na akina mama hao nao wana alama hiyohiyo. Alama moja kwa mama anayezaa na kwa seli inayoua. Nikawaza, basi ugonjwa wangu umekaa kwenye chimbuko. Na mapacha wa namna yetu tulianza tukiwa kitu kimoja kabla ya kugawanyika, kwa hiyo chimbuko langu na la Kulwa ni moja. Nikipewa jambo moja la kweli mimi hulijengea kumi ya kutisha, na mawili kati ya hayo kumi huonekana kama hesabu safi kabisa.

Kabla sijatoka, daktari alikuwa ameniuliza: "Una ndugu wa baba mmoja, mama mmoja?"

"Ninaye. Dada yangu."

Sikusema pacha.

Ili unielewe, lazima nikueleze tulivyolelewa. Kwetu Usukumani mapacha hawatengwi kwa lolote, na mama yetu alilishika jambo hilo kuliko wenzake wote. Alichopewa mmoja, mwenziwe naye apewe. Gauni kwa gauni, na dawa kwa dawa. Nilipougua malaria, Kulwa naye aliramba kidonge. Kulwa alipong'olewa jino, mama alimsihi daktari wa meno aniguse na mimi kwa lile koleo, mdomoni, kidogo tu, ili nisibaki nyuma. Daktari akacheka, mama hakucheka, mwishowe koleo likaingia mdomoni mwangu. Aliamini kwamba dawa ikimfikia mmoja tu, ugonjwa unahamia kwa yule ambaye hajalindwa.

Sasa Kulwa ameolewa Ukerewe, ana cherehani yake barazani pale Nansio, na vuli ile alikuwa na mtoto mchanga baada ya mimba mbili kuharibika. Mama alipofika kutoka Misungwi, na kiroba chake cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamwambia jina la ugonjwa. Alikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Kulwa anajua?"

"Bado."

"Asijue. Yule maziwa yatakauka. Na wakwe zake wakisikia, watasema tumewaletea damu mbovu."

"Mama, kwani damu yake..."

"Sijasema hivyo! Nimesema wao watasema."

Alikuwa amesema lile nililokuwa naliogopa, nasi wote wawili tukajifanya hatukusikia. Tukakubaliana kwamba Doto yuko Dodoma kwenye mafunzo ya kazi na mtandao wa huko ni mbovu. Daktari alipopita alikuta mama anatoa mfuko wa mizizi iliyosagwa, akamwambia kwa upole kwamba humu hairuhusiwi, itagombana na dawa za dripu. Mama akasema, "Sawa, daktari, huyu sitampa." Nilishangaa alivyokubali upesi. Mama yangu hakubalianagi na mtu upesi.

Awamu ya kwanza nililazwa mpaka vuli ikapita. Dawa moja ilikuwa nyekundu kama sharubati, na mkojo nao ukawa hivyo. Harufu ya dagaa, ambayo nimekua nayo, ikawa inanitapisha. Mtu akifungua bakuli kitanda cha tatu mimi nageukia ukutani. Uso ulivimba kwa vidonge, mashavu yakawa ya mtu mwingine. Kisha nywele. Hazikuanguka kwa mkupuo, zilikuwa zinabaki kwenye mto kidogo kidogo kila asubuhi, mpaka nesi wa mbuzi akaleta mashine akazimaliza. Alinipa kioo kidogo. Niliangalia muda mrefu.

Hili sikulisoma popote, kwa hiyo nalisema. Tangu nizaliwe uso wangu ulikuwa na mwenzake. Hata chuoni, nikiwa mbali na nyumbani, nikijiangalia kwenye dirisha la duka namwona Kulwa, namsalimia moyoni, napita. Siku ile kwenye kioo sikumwona. Alikuwepo mtu mwenye kichwa kama yai na macho bila nyusi, hafanani na yeyote duniani. Nilimrudishia nesi kioo nikasema nashukuru.

Kulwa alikuwa anapiga simu.

"We Doto, mbona nasikia mtoto analia huko kwenye mafunzo?"

"Kuna dada kaja na mwanawe."

"Na hiyo ting ting ting?"

Ilikuwa mashine ya dripu ya kitanda cha pili. "Kengele ya chai."

"Chai gani kila saa? Mnafunzwa nini, kunywa?"

Nikacheka, na kucheka kukanipasua vidonda vya mdomo. Aliniomba tuonane kwa video, nikasema bando limeisha. Bando langu liliisha miezi yote hiyo. Mwisho aliuliza kama kawaida yake, "Sasa umeshindaje? Niambie kweli," nami nikasema nimeshinda salama.

Nikaanza kugundua kitu. Baada ya kutoka wodini nilikuwa narudi kwa dripu za kutwa, nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha napumzika wiki kadhaa. Na kila nikitoka dripu, kesho yake jioni simu ya Kulwa inaita. Siku nyingine aweza kupitisha hata wiki bila kupiga, lakini siku inayofuata dripu haikosi. Mtu wa takwimu anaambiwa asiamini mfuatano mdogo. Niliamini. Nikasema damu zetu zinazungumza. Yangu ikitiwa sumu yake inashtuka. Na kama inashtuka, basi ni ileile, na kama ni ileile... Unaona nilivyokuwa naishi.

Mama naye alikuwa na lake. Dripu ikiisha ananifikisha chumbani Mabatini, anahakikisha nimelala, halafu anachukua mfuko mweusi wa plastiki anasema anashuka mwaloni, kule soko la samaki ufukweni, kuangalia dagaa. Anarudi bila dagaa. Nilidhani anakwenda kulia mahali nisipomwona, nikaona si heshima kuuliza.

Kitu kimoja kilichokuwa kinanichekesha, hata siku mbaya, ni namba. Mama alilisikia lile jina, CD34, kutoka kwangu siku ya kwanza akaamini kwamba thelathini na nne ndicho kipimo cha ugonjwa, kama joto la homa. Kila tukitoka kwa daktari ananinong'oneza, "Imeshuka? Bado thelathini na nne?" Nilimweleza mara nyingi kwamba ni jina tu, lingeweza kuwa namba yoyote. Anaitikia, mwezi unaofuata anauliza tena, "Haijashuka hata kidogo?"

Kwenye viti vya dripu nilikaa karibu na Mama Zarina. Familia yake ina duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu yake aliyekuja kutoka India, na yeye amezaliwa Mwanza, anazungumza Kisukuma cha sokoni kuliko mimi. Alikuwa na saratani ya titi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akakitazama kitambaa changu cha kichwa kama mtu aliyeona nzi kwenye chai.

"Hicho kitambaa nani kakuuzia?"

"Nilikuwa nacho."

"Ni cha kufutia vumbi. Mgonjwa asivae kitu kinachosema mimi ni mgonjwa."

Safari iliyofuata akaniletea kilemba cha pamba laini, rangi ya embe bivu, akanifundisha kukifunga. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa dawa, alikuwa anafunga kwa kukisia, na kilikaa vizuri kuliko nilivyowahi kukifunga kwa vidole vyangu vizima.

Kisha siku moja kiti chake kikawa na mtu mwingine. Sikuuliza. Nesi angenijibu, ndiyo sababu sikuuliza. Mara ya pili tena hayupo. Nilikaa na kilemba chake kichwani nikimwombea pumziko, nikiwaza nani atakayeniambia mazishi yalikuwa lini na kama ningeruhusiwa kwenda. Mara ya tatu nikamkuta amekaa anakula karanga.

"Mama Zarina! Nilijua..."

"Nini? Nilibadilisha siku. Alhamisi mzigo wa duka unafika, wale vijana wasipoona macho yangu wanapima mita fupi." Akaniangalia. "Umeshanizika wewe?"

Nikasema hapana.

"Umenizika. Umeniombea?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Haikupotea, itatunzwa."

Masika yalipoanza walinitoa uboho tena. Majibu yalipotoka, daktari alitabasamu kabla hajakaa. Hawakuziona tena zile seli za ugonjwa. Alisema safari haijaisha, dawa zinaendelea, lakini tumefika mahali pazuri. Mama alimsogelea, mikono ameikutanisha.

"Kwa hiyo, daktari, thelathini na nne imekwisha?"

Daktari akanitazama. Nilifungua mdomo nimrekebishe mama kwa mara ya mwisho, nikaona macho yake.

"Imekwisha, mama," nikasema. Tulikumbatiana hapohapo, faili likaanguka.

Ningependa simulizi iishie hapo. Lakini daktari alimwomba mama atupishe kidogo, akaniambia ugonjwa wa aina yangu hupenda kurudi, na kwamba ni vizuri kujua mapema kama yupo wa kunichangia uboho ikibidi. "Yule dada yako. Tungempima."

"Ni pacha," nikasema. "Tunafanana."

Aliweka kalamu mezani. "Doto. Na unaniambia leo?"

Ndipo nikamwaga yote. Niliongea kama bomba lililopasuka: alama, akina mama wa damu, chimbuko moja, simu za kesho yake, wakwe wa Ukerewe. Nilitegemea anikatishe. Alisubiri mpaka nikamaliza, akavuta kiti.

"Hiyo alama hata mimi ninayo, humu," akajigonga nyonga. "Na mama yako anayo. Bila hizo seli tusingekuwa na damu. Ugonjwa hausomwi kwa alama moja, ndiyo maana tunaangalia nyingi kwa pamoja. Kuhusu Kulwa, kwa umri wenu sitegemei kumkuta mgonjwa. Lakini siwezi kukuapia kwa mtu ambaye sijamwona. Anapimwa. Hakuna njia nyingine ya kujua, na kumwogopa hakumsaidii."

Nilitoka nikiwa na jibu la swali langu, na bado sikuweza kulifanyia kazi. Mvua za masika zikanyesha zikaisha. Kila asubuhi niliamka nimeamua kumpigia, kila jioni nilikuwa na sababu. Akipimwa akakutwa mgonjwa, nimemnyang'anya amani aliyokuwa nayo. Asipopimwa na kumbe ni mgonjwa, nimemuua kwa kunyamaza. Akikutwa mzima, nitamwomba mtu anayenyonyesha alazwe kifudifudi achotwe mfupa kwa ajili yangu. Akikataa? Akikubali? Nilichora njia zote kwenye karatasi kama nilivyofundishwa chuoni, kila tawi na matawi yake, na kila tawi mwisho wake lilikuwa mimi nimekaa peke yangu chumbani Mabatini. Mama nilipomgusia alisema, "Subiri mtoto aote meno." Mtoto akaota meno. "Subiri atambae."

Nilimwambia Mama Zarina. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Huyo dada ni mjinga?"

"Hapana."

"Ana moyo mbovu?"

"Hapana!"

"Basi unamficha nini? Wewe humwonei huruma yeye. Unaogopa akikuangalia utaona umekuwa nani." Akafumbua jicho moja. "Mimi nilipokatwa titi nilikaa miezi sijavua nguo mbele ya mume wangu. Siku nimevua akasema, 'Chakula kiko wapi?' Miezi yote ile nimeogopa mtu mwenye njaa."

Sikulala vizuri, lakini kwa mara ya kwanza sikulala vizuri kwa sababu ya jambo nitakalofanya. Kiangazi kilikuwa kimeingia, upepo mkavu unapuliza vumbi kati ya mawe. Asubuhi nilimwambia mama naenda Nansio. Alisimama mlangoni.

"Mwanangu, na maziwa yake?"

"Mtoto anakula ugali sasa, mama."

Aliangalia chini, kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Akachukua ule mfuko mweusi, akautazama, akaurudisha uvunguni. "Basi hakuna haja," akasema, akaniletea chupa ya uji niende nayo.

Meli iliondoka mapema. Ziwa lilikuwa shwari, na bado nilijishika kwenye chuma kana kwamba kuna dhoruba. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipofika Nansio mchana ilikuwa imeshapotea yote.

Kulwa alikuwa barazani kwenye cherehani, amesukwa rasta ndefu mpya, mtoto ametandikiwa mkeka miguuni kwake. Alinyanyua uso akaniona, mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Hakuja kunikumbatia. Mtoto aliniangalia, akamwangalia mama yake, akaniangalia tena, uso umemjaa mashaka. Sijui kama nitawahi kupewa zawadi kubwa kuliko mashaka yale.

Nikafungua kilemba cha Mama Zarina nikakikunja mkononi. Upepo ulinigusa kichwa chote.

"Kulwa, nina saratani ya damu. Tangu vuli. Sikuwa Dodoma."

Akamalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Nilijua unaumwa," akasema. "Jina lake ndilo sikulijua."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo, akaimwaga mkekani. Vifurushi vidogo vya karatasi, vimefungwa kwa kamba ya katani kwa fundo ambalo ni la mama yetu peke yake. Ile mizizi iliyosagwa.

"Kila mara yule mama anayechuuza dagaa akirudi kutoka Mwanza ananiletea kimoja. 'Mama yako kasema unywe.' Nawaza, mimi siumwi, mtoto haumwi. Mama akinitumia dawa na mimi mzima, anayeumwa ni nani? Kwani mimi nimekulia nyumba gani?"

"Ndiyo maana ulikuwa unapiga kesho yake."

"Ulidhani nini?"

Sikumwambia nilichodhani. "Ulikunywa?"

"Kimoja. Nilishinda chooni. Nikasema, huyu Doto kinachomsumbua ni kikubwa." Alicheka, kisha kicheko kikageuka, akaweka mkono machoni.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza! Kila nikipiga nilikuuliza umeshindaje. Ulitaka niulize kwa lugha gani?"

Nilikaa mkekani nikamweleza yaliyobaki. Hayo hayakuwa kwenye vifurushi. Nikasema wanataka kumpima. Nikasema ninachoogopa, kwa maneno yake kamili, kwamba huenda na yeye. Kulwa alimtazama mwanawe aliyekuwa anajaribu kula fundo la katani, akalitoa mdomoni mwake taratibu.

"Wakinikuta nayo?"

"Wataanza mapema. Mimi walichelewa kunigundua."

"Wasiponikuta?"

"Siku moja huenda wakaomba uboho wako, wanipe mimi. Inauma."

"Sana?"

"Sana. Kwa muda mfupi."

Alijipapasa rasta, akasema, "Mama ataniambia ninyoe."

"Ataanza na hilo."

"Aje anikamate. Hizi nimesukwa juzi, bado kichwa kinaniuma."

Jioni mumewe alirudi, wakaongea ndani kwa sauti ndogo, mimi nikabaki barazani na mtoto anayenipapasa kichwa. Asubuhi tulipanda meli, sisi wawili na mtoto mgongoni. Kulwa alinisimulia umbea wa Nansio wote niliokosa, na nilipotaka kuwaza alinipiga kiwiko.

Kwenye benchi la kutolea damu tulikaa tumebanana. Nesi wa mbuzi alipotoka na trei alisimama, akatuangalia mmoja mmoja, mwenye rasta na asiye na nywele, akacheka mwenyewe.

"Leo naambiwa nimchome nani?"

Nilitaka kusema ni yeye, si mimi. Kulwa alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

"Anza na mimi," akasema. "Halafu na huyu umchome kidogo. Kwetu hatuachani nyuma."

Nesi akaniangalia kuona kama ni utani. Nikakunja mkono wa blauzi, nikaunyoosha pembeni ya ule wa Kulwa.